Dada wa Nyumba Mbili

Tak.

Ni stepla tu, ile nyekundu ya Jocelyn yenye stika ya paka mgongoni. Ilibana karatasi tatu Jumamosi, siku tisa zilizopita, na mlio wake haujanitoka kichwani. Nimeusikia nikipiga mswaki. Nimeusikia ndani ya lifti. Mlio mdogo, safi, wa jambo lililokamilika.

Leo ni Jumatatu, saa tisa alasiri. Nje kuna vumbi; jengo la pili kutoka hapa kwangu Silicon Oasis, Dubai, linaonekana kama limechorwa kwa penseli kisha likafutwa. Sijaenda kazini. Nimewaambia naumwa, na huo ndio ukweli wa kwanza nilioutoa wiki hii bila kusukumwa.

Nina kinyaa. Nimetafuta neno lililo bora zaidi, mimi niliyesoma isimu miaka mitatu, sijalipata. Kinyaa. Na aliyenitia kinyaa simwandiki hapa kwa mbali, maana nusu yake ni mimi.

Niandike tangu mwanzo, nisijirembe.

Karibu mwaka sasa, kila Jumamosi naenda Jumeirah Village Circle, kwenye nyumba ndogo wanamoishi wanawake wanne wa Kifilipino. Mwenye shughuli ni Ate Merly. Ate ndivyo Wafilipino wanavyomwita dada mkubwa, naye ni dada mkubwa wa kila anayevua viatu pale mlangoni. Ana miaka hamsini na kitu, ni msimamizi wa chumba cha kufulia katika hoteli moja ya Al Garhoud, na hata akiwa kwake mikono haikai. Ukiongea naye anakunja taulo. Anayemsaidia ni Jocelyn, muuguzi, rika langu, mwenye ulimi wa wembe.

Siku yao ya kupumzika wanaitumia kuwasikiliza wanawake wanaofanya kazi za ndani. Wafilipino wenzao, Waganda, Wakenya, sisi Watanzania. Aliyefichiwa pasipoti, anayefungiwa mlango kwa nje, aliyeahidiwa kazi hii akakuta ile. Wanamsikiliza, wanaandika, wanamsindikiza kwa wakala aliyemleta, wanakaa na mwajiri wake mezani mpaka kieleweke. Ate Merly huiita kazi hiyo kutengeneza amani, na akisema hivyo anakuwa na uso wa mtu anayesema kutengeneza bomba. Kuna mahali panavuja. Lete spana.

Kampuni yangu ilitaka kumpiga video mwaka huu. Sisi hutengeneza filamu fupi za kuwapendezesha wateja, na mmoja alitaka wanawake wa amani, wenye tabasamu, muziki wa piano chini. Mimi ndiye niliyetumwa kumwomba. Alisikiliza mpaka mwisho, akanipa bakuli la wali na kusema, "Amani yenu ina muziki mwingi mno." Ndipo nilipompenda.

Wana utaratibu mmoja wasiouvunja. Hawaandiki "mlalamikaji anadai". Wanaandika maneno ya mwenyewe, kama alivyoyatamka, kwa lugha yake. Akimaliza anasomewa na kuulizwa, "Haya ni yako?" Akisema ndiyo, inaandikwa tafsiri ya Kiingereza kwa ajili ya wakala, zinabanwa pamoja, basi. Ate Merly anaamini mtu akishanyang'anywa maneno yake, vingine vyote vinanyang'anyika kirahisi.

Kiswahili ni zamu yangu.

Jumamosi ile ya stepla mlango ukafunguliwa, akaingia Mwanaidi.

Mwanaidi anafanya kazi kwa Mama Mdogo wangu, Shamsa, mdogo wake mama. Mama Mdogo yuko Dubai miaka mingi, yeye na mumewe wametokea Dar es Salaam, na nilipofika mjini hapa ni kwake nilikofikia. Mpaka leo Ijumaa nakula kwake. Kwa hiyo nimekula pilau ya Mwanaidi, na samaki wa kupaka wa Mwanaidi, na visheti vya Mwanaidi, Ijumaa baada ya Ijumaa kwa miezi kumi na minne.

Jina lake nililijua Jumamosi hiyo, alipolitamka ili niliandike.

Kwa Mama Mdogo yeye ni dada. Dada lete maji. Dada, mtoto analia. Kama nyumba nyingi za Dar, na kama kwetu nilikokulia, ambako tulikuwa na dada watatu mmoja baada ya mwingine, na nikijiuliza leo waliitwa nani nakumbuka mmoja tu. Mama Mdogo anaona fahari. Hataki kuitwa madam kama waajiri wengine wa hapa. "Kwangu hakuna madam wala mtumishi," huwaambia wageni. "Kwangu kuna mama na kuna dada."

Mwanaidi aliponiona alishika kitasa kama anayetaka kurudi. Nikamwambia kwa Kiswahili asiogope. Akaachia kitasa, akasema, "Afadhali wewe dada, maana nyumba ile unaijua."

Ate Merly aliuliza, kama anavyomuuliza kila mkalimani: "Mnafahamiana?"

"Kidogo," nikasema.

Kidogo.

Mwanaidi alieleza taratibu, mikono katikati ya magoti. Aliletwa hapa kufanya kazi ya saluni. Ni msusi, na ni hodari. Kufika, pasipoti ikachukuliwa "ikae salama". Saluni haikuonekana. Sasa mama yake mzazi amepooza upande mmoja, anaomba kurudi nyumbani, anaambiwa amalize kwanza mkataba ambao hajawahi kuushika. Asubuhi ile alishuka na mfuko wa taka, akauweka penye taka, akaendelea kutembea.

Sentensi yenyewe hii hapa, kama nilivyoiandika kutoka kinywani mwake: *Nilikuja kuwa msusi, nikachukuliwa niwe dada, dada wa nyumba mbili, kwake na Ijumaa jioni kwa wifi yake.*

Nikamsomea. "Haya ni yako?"

"Ni yangu."

Kisha nikakaa na kompyuta kuandika Kiingereza. Wengine walikuwa jikoni wanamcheka Jocelyn aliyeunguza wali. Nikaandika hausigeli. Alichukuliwa awe hausigeli, wa nyumba mbili. Nikaangalia neno lile. Nikaona namna litakavyokaa juu ya meza mbele ya Mama Mdogo, na jina lake lote limeandikwa ukurasa wa kwanza.

Nikalifuta. Nikaandika sista.

Nikajieleza haraka haraka, maana nimesoma. Nikajiambia dada ni dada, kamusi yoyote itanitetea. Nikajiambia tafsiri ya neno kwa neno ndiyo ya uaminifu. Kwa Kiingereza changu Mwanaidi akawa amechukuliwa kama sista, sista wa nyumba mbili. Ukiisoma unaweza kulia kwa upendo uliojaa humo.

Jocelyn akaja na stepla yake. Tak.

Utaratibu wa Ate Merly unaweza kukamata kila uongo isipokuwa huo. Mwanaidi alisomewa Kiswahili na Kiswahili kilikuwa sahihi. Ate Merly alikisoma Kiingereza, nacho kilikuwa na sarufi safi kabisa. Wizi wangu ulipita katikati, pale ambapo hapakuwa na mtu ila mimi.

Alhamisi tulikaa kwa wakala, Al Garhoud. Ofisi baridi kama friji la nyama, viti vya plastiki, kalenda ya mwaka jana. Mwanaidi alikuwa ameshapewa kitanda katika chumba cha wakala, ghorofa ya juu, mpaka shauri liishe. Mama Mdogo aliingia na udi wake, akampa kila mtu mkono. Aliponifikia mimi akasema kwa Kiingereza, "Nimefurahi kukufahamu."

Nami nikasema nimefurahi kumfahamu.

Hatukupanga. Hatukuandikiana hata ujumbe. Ilitutoka wote wawili kama watu waliofanya mazoezi.

Bwana wa wakala alisoma karatasi kwa sauti, kwa Kiingereza, kidole kikifuata mistari. Alipofika pale kidole kikasimama. "Hapa mwenyewe anasema alichukuliwa kama sista," akasema. Akarudia. "Kama sista. Madam, ni kweli?"

Mama Mdogo aliweka mkono kifuani. "Wallahi, sir, ndivyo nimwitavyo tangu siku ya kwanza. Muulize." Akamgeukia Mwanaidi kwa Kiswahili, sauti ya asali: "Eti, mimi nakuitaje nyumbani?"

"Dada," Mwanaidi akajibu.

"Si mnasikia?"

Ate Merly aliacha kuandika. Anajua neno hilo. Wanawake wetu wote humwita Dada Merly. Aliinua macho, akanitazama. Mimi nilikuwa natazama kalenda.

"Khalas," akasema bwana yule, akafunga faili. "Hii ni ndugu na ndugu kupishana kauli. Apumzike, Jumatano madam aje amchukue. Inshallah mtaelewana." Habari ya saluni haikufika popote. Habari ya mama aliyepooza ikawa jambo la kifamilia, sista atalizungumza na sista.

Nje kwenye korido Mwanaidi akanishika mkono. "Dada, wamesemaje?"

"Wamesema tusubiri mpaka Jumatano."

Akashukuru. Akaniombea kheri.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa uchafu wangu, lakini bado kulikuwa na lifti. Nilishuka peke yangu na Mama Mdogo. Milango ilipofungana aliacha kujifanya amenijua siku ile ile, akanivuta, akanibusu shavuni. "Mwanangu umenisitiri," akasema. "Mungu akusitiri na wewe."

Nimelifikiria neno hilo siku nne. Kusitiri. Ni neno la heshima kwetu. Ni la kumfunika mtu aliye uchi, la kuficha aibu ya jirani, tunaliombea duaa. Nikiwa ndani ya lifti ile nilihisi limenitambaa shavuni pale alipobusu, nikajifuta kwa kiganja, naye akaona, akacheka akidhani najifuta rangi ya mdomo.

Ijumaa sikwenda kula kwake. Kwa simu nilisema tumbo linanisumbua, akasema nijikaze, ameagiza chakula, maana "dada hayupo, nyumba imekuwa kama jaa". Hakuuliza Mwanaidi amekula nini.

Na simchukii, hilo ndilo linalonichosha. Alinipokea uwanja wa ndege akiwa na juisi ya embe kwa kuwa alikumbuka naipenda. Alinilaza chumba cha binti yake. Anaamini kila neno analolisema kuhusu mama na dada, na angeapa kwa msahafu, na asingeona kuwa ameapa uongo. Ningemwona mbaya ningelala vizuri.

Jumamosi nilikwenda Jumeirah Village Circle nikarudi nikiwa nimefika mlangoni. Viatu vilikuwa vingi. Sikuvua vyangu.

Jana Jumapili mchana nilirudi, nikavua. Ate Merly alikuwa na kikapu cha taulo, Jocelyn anakwaruza kucha rangi ya wiki iliyopita. Nikaanza kulia kabla ya kukaa, nikijisikia naigiza, nikiwa kweli naumia, vyote kwa pamoja.

"Usiniletee machozi," Ate Merly akasema. "Sista gani? Yule mtoto hana sista hapa. Nieleze neno."

Nikamweleza neno. Kwamba kwetu dada ni ndugu yako wa kike, na ni namna ya kumwita kwa adabu mwanamke usiyemjua, na ni yule anayefua chupi za watoto na kulala karibu na jiko. Kwamba asemapo mtu amechukuliwa awe dada, hakuna Mtanzania atakayekosea. Kwamba mimi sikukosea. Kwamba niliandika sahihi nikafuta.

"Kwa nini?" Jocelyn akauliza.

"Ni mama yangu mdogo. Yule madam."

Kucha zikaacha kukwaruzwa.

"Sasa hapa umekuwa ukija kama nani?" akasema. "Mkalimani au mpelelezi? Nikuwekee na bango mlangoni? Karibuni mseme yote, mpwa wa madam anaandika!"

"Jocelyn," Ate Merly akasema.

"Hapana Ate, mwache asikie. Wanawake walikuwa wanamwambia mambo. *Mimi* nilimwambia mambo."

Ate Merly alimaliza kukunja taulo mbili. Kisha akasema kitu sikukitegemea. Kwao, nyumbani kwa wazazi wake, walikuwa na msichana wa kazi, wakimwita Ate. Ate chota maji, Ate washa moto. Alikaa nao miaka sita akaondoka. Ate Merly alipokuja Ghuba, akaanza na yeye kulea watoto wa watu, ndipo siku moja anapiga pasi akajikuta anamtafuta yule msichana kichwani, amwombe msamaha, na hakuwa na jina la kuanzia.

"Wanawake wote hawa wananiita dada," akasema. "Nianze kuogopa?"

Jocelyn akacheka bila kutaka, kwa pua. Nami nikacheka, kisha nikaona haya kwa kucheka.

"Huna haja ya mimi kukusamehe," Ate Merly akaendelea. "Mimi siendi Jumatano kwenye nyumba ile. Msamaha wangu utamsaidia nini anayekwenda? Niletee karatasi."

"Na familia yangu?"

"Ni yako. Utaijua mwenyewe." Akaweka taulo la mwisho juu ya rundo. "Lakini usiseme unanyamaza kwa ajili ya amani. Nakuomba. Neno hilo nimelifanyia kazi sana."

Nililala kwa vipande vipande. Kabla ya jua kupanda nilikuwa nimeandika kurasa mbili za barua kwa wakala na nimezisoma mara nyingi mno, nikitafuta mahali nilipojipendelea. Nilipapata pawili. Nilikuwa nimeandika "kosa la tafsiri". Nikaondoa. Nilikuwa nimeandika "kwa kupitiwa". Nikaondoa.

Saa tatu asubuhi nilikuwa Al Garhoud, Ate Merly kando yangu na sare yake ya hoteli, ameomba ruhusa ya saa moja. Mwanaidi akaletwa chini. Safari hii sikumsomea Kiswahili chake. Nilichukua Kiingereza cha Alhamisi nikakirudisha kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, asikie kilichosomwa juu yake akiwa amekaa pale pale.

Tulipofika kwenye sista alinizuia.

"Nani? Mimi?"

"Wewe."

"Mimi ndugu yake Mama Shamsa?" Akacheka. Alicheka kwa tumbo, akashika meza, akamwelekeza Ate Merly kidole kama anayemwalika ashiriki, na Ate Merly asiyejua tulipofika akatabasamu. "Ndugu! Ndugu anakula akisimama! Ndugu analala na pipa la unga!" Akajifuta macho. Halafu kicheko kikakatika kama bomba lililofungwa.

"Ulijua?"

"Nilijua."

Hakunitukana. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi, ningeyapokea kama malipo. Alivuta kiti chake nyuma kidogo, akafunga kanga vizuri juu ya gauni lake la kazi.

"Unaitwa nani?" akauliza.

Miezi kumi na minne, na yeye pia hakuwa analijua la kwangu. Kule mimi ni "mgeni".

"Hafsa."

"Haya, Hafsa. Andika upya. Nisomee kila neno la Kizungu maana yake. Na hapo pa dada usiandike dada wala sista. Andika mfanyakazi. Niliyekuja kusuka nikafanywa mfanyakazi wa ndani wa nyumba mbili bila kuulizwa. Na mama yangu andika jina lake, asije akawa mama wa mtu mwingine."

Nikaandika. Hakuniita dada tena, wala hatoniita, nadhani. Alisikiliza kila mstari akiwa amefumba macho, na mara mbili akanirudisha nyuma, na mara zote mbili yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Kwa kusuka nilikuwa nimeweka neno la jumla la kutengeneza nywele. Alitaka liwe kusuka hasa, kwa vidole. Nikamtafutia.

Bwana wa wakala alipokea karatasi mpya na barua yangu. Aliisoma barua akasimama, akaketi, akaisoma tena.

"Huyu madam ni mama yako mdogo?"

"Ndiyo, sir."

"Na unataka hii iingie kwenye faili? Na yeye ataiona."

"Ndiyo."

"Una uhakika?" Hakuwa mkali. Nadhani alikuwa ananionea huruma, na huruma yake nayo ilinitia kinyaa, maana haikuwahi kumfikia Mwanaidi aliyekuwa hatua mbili kutoka kwake. Ate Merly akasema, kwa upole kabisa, kwamba kwa kuwa maelezo yamebadilika kikao cha Alhamisi hakina nguvu, na kwamba mfanyakazi anaomba mambo mawili, pasipoti yake na ruhusa ya kurudi kwao, na atapenda kumwona sir akiyaandika yote mawili. Akasubiri. Akaendelea kusubiri. Bwana yule akatoa kalamu.

Jumatano hachukuliwi mtu. Jumatano tunakaa upya, na Mama Mdogo ameambiwa aje na pasipoti. Sijui kama atakuja nayo. Sijui Mwanaidi atamwahi mama yake.

Nilipofika nyumbani nilimpigia Mama Mdogo kabla wakala hajampigia. Nilimsomea barua yote kwa Kiswahili, taratibu, mpaka kwenye sahihi. Mama Mdogo akasema, "Kumbe nimelea nyoka," akakata, na mama yangu amepiga mara tano kutoka Dar tangu saa nane. Nitampokea nikimaliza kuandika hapa. Naye nitamsomea.

Barua imeshagongwa muhuri wa kupokelewa. Nimeandika jina langu lote, la baba na la babu, na chini yake, mahali pa kueleza wewe ni nani katika shauri hili, sikuandika mkalimani. Nimeandika: mpwa wa mwajiri, nilijua.